Siku ya Madinah

Harufu ilianzia jikoni, asubuhi ya Siku ya Mashujaa, Jaliah akisukuma chapati. Ilikuwa harufu ya dawa ya kuoshea sakafu za hospitali, kali, ya kukwaruza koo, na katika nyumba yao ya Malukhu dawa ya namna hiyo haikuwemo. Akafungua dirisha. Nje, Mbale ilikuwa na siku yake ya kawaida. Maduka yalikuwa wazi, mwenye bucha ananoa visu, na redio ya jirani ilitangaza gwaride la mashujaa katika wilaya ya mbali, mpaka mtu akahamisha stesheni asikilize mpira.

Jaliah akafurahi. Ndivyo alivyotaka siku hiyo ipite, bila mtu kuitaja.

Mumewe, Muhammed Bogere, aliwahi kuwa na mke kabla yake. Madinah alikuwa muuguzi huko Walukuba, Jinja. Homa mbaya ilipoingia mtaani na wenzake wakakimbia, yeye alijifungia wodini na wagonjwa, akawahudumia mpaka ikamchukua na yeye. Serikali ikampa nishani akiwa tayari kaburini. Tangu hapo, kila tarehe tisa Juni, wakati Jinja nzima imelala au imeenda kunywa, wanawake wa Walukuba walifagia kaburi lake, wakasoma Yasini, wakapika pilau na kusimuliana habari zake. Bogere hakukosa hata mwaka mmoja. Alirudi Mbale macho mekundu, akakaa siku kadhaa kama mgeni ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Mke mwenza aliye hai unaweza kugombana naye. Unamwona ananenepa, anakosea, anaunguza wali. Madinah hakuzeeka wala hakuunguza kitu. Jaliah alizaa, akauguza, akashona nguo za watu mpaka macho yakauma, na hakuna aliyewahi kukusanya watu kumsifu.

Ndipo mwaka huu, siku moja kabla, akampigia simu Nabirye, mama mtu mzima aliyesimamia shughuli ile, akamwambia Bogere anaumwa, wangoje apone. Asubuhi hii, chapati zikiwa mezani, akamgeukia mumewe.

"Baba Shakul, Nabirye amepiga. Wanasema wamechoka. Mwaka huu hawakutani."

Bogere alikaa kitini taratibu. "Wamemsahau?"

"Watu wana kazi zao."

"Kama Walukuba wamemsahau," alisema Bogere, "niende nikakae na nani?" Akaingia chumbani, hakwenda hata dukani kwake.

Adhuhuri Jaliah akasikia fagio nyuma ya nyumba. Mtu alikuwa anafagia polepole, kwa mikono iliyozoea. Alipotoka hakuona mtu, lakini katikati ya uwanja vumbi lilikuwa limefagiwa kuzunguka kipande kimoja cha ardhi, chembamba, urefu wa mtu aliyelala.

Akakifuta kwa mguu. Aliporudi ndani, Bogere alikuwa amesimama mlangoni pa chumba, midomo imemkauka.

"Kwa nini umeniita hivyo?" akanong'ona.

"Sijakuita mimi."

"Umeniita Mudi. Nimekusikia, Jaliah. Mudi, njoo."

 Jina hilo Jaliah aliwahi kulisikia Walukuba tu, mwaka mmoja alipofuatana na mumewe, kwa wanawake waliokuwa wakiiga jinsi Madinah alivyomwita mumewe.

Jua lilipokuwa linazama alikaa kwenye cherehani ajisahaulishe, na muadhini alipoanza kuita akahisi kiganja cha baridi kikitua juu ya paji la uso wake, kikakaa hapo kwa upole kama cha mtu anayepima homa, kisha kikashuka shavuni, kikamfunga mdomo, na ile harufu ya dawa ikamwingia puani na kooni na kifuani mpaka akahisi imemjaa kama maji kwenye mtungi, akataka kumwita Bogere akashindwa, akataka kusema bismillahi ulimi ukagoma, na mdomo wake mwenyewe ukafunguka bila ruhusa yake, ukasema kwa sauti laini ambayo hakuwahi kuwa nayo: "Mudi, mbona leo hukuja?"

Bogere alitoka mbio chumbani. Alimkuta mkewe chini, macho wazi, anatabasamu.

Kulipokucha akampeleka Nakaloke kwa Hajji Masinde, mzee anayesomea watu waliopagawa. Hajji alimkalisha Jaliah mkekani, akamsomea sikioni. Sauti ile laini ikajibu haraka.

"Mimi Madinah. Nimekuja kwa mume wangu."

"Muongo," Hajji alisema bila kupandisha sauti. "Marehemu hana haja na nyumba ya watu. Wewe nani?"

Jaliah akacheka, na sauti ikawa nyingine, nzito, ya Kiswahili kile cha askari wa kambini ambacho wazee wa Mbale, tangu enzi za utawala wa jeshi, bado wakikisikia hushtuka. "Afande, mimi nakaa pale makaburini toka zamani. Kila mwaka watu wanakuja kwa huyu mmoja. Wanalia, wanapika. Mimi nani amewahi kunililia? Nikaona mwanamke amekaa pembeni, anachukia vile nachukia. Nikamfuata."

Bogere alimtazama mkewe, akaelewa kwamba kuna jambo alilofichwa. Hajji akasoma, akasoma, mpaka jasho likalowesha kanzu yake na Jaliah akapiga chafya mfululizo, akaanguka kifudifudi. Harufu ikakatika. Aliponyanyuliwa alikuwa yeye, analia.

"Nabirye hakusema wamechoka," akamwambia mumewe. "Ni mimi nilizuia. Nilitaka siku moja tu isiwe yake."

Bogere hakumpiga wala hakumtukana. Alitoka akakaa kwenye pikapu yake, mikono juu ya usukani.

"Mpeleke Walukuba," Hajji alimfuata akamwambia. "Aseme mbele yao, shughuli ifanyike." Kisha akamrudia Jaliah mkekani. "Binti yangu, pepo huyu ametoka, hajafa. Anakaa karibu. Ukitamani tena kilicho cha mwenzio, atakuona."

Walifika Jinja mchana. Jaliah alisema kila kitu mbele ya wanawake. Wengine waliguna, mmoja akatema mate chini. Nabirye akachukua fagio, akamkabidhi.

"Kale, haya basi," alisema. "Umemnyima siku yake, wewe ndiye utakayemrudishia. Fagia, mwanangu. Halafu utawasimulia watoto hawa habari zake. Hawamjui, na shuleni kwao Siku ya Mashujaa ni siku ya kulala."

Jaliah akafagia kaburi kwa mikono yake. Yasini ikasomwa, pilau ikaiva, watoto wakakaa kwenye mkeka. Bogere alikaa mbali, uso ameuinamisha.

"Alikuwa muuguzi," Jaliah alianza. "Homa ilipokuja wenzake waliondoka. Yeye akaingia wodini, akafunga mlango kwa ndani."

Watoto wakasogea karibu. Jaliah akaona Bogere ameinua kichwa, anasikiliza. Kwa mara ya kwanza tangu asubuhi alikuwa anamtazama.

"Kulikuwa na mtoto analia kiu. Maji yalikuwa yameisha. Nikampa yangu."

Nabirye akaacha kupakua. Habari ya mtoto mwenye kiu hakuna mtu aliyewahi kuisimulia pale.

"Jioni nikahisi joto linapanda miguuni, nikajua homa imeshanipata. Nilishika simu nimwite mume wangu. Nikaona ataniambia nitoke, nami singewaacha wale watu. Nikaiweka chini."

Bogere alikuwa analia, amemkazia macho Jaliah kama mtu aliyerudishiwa alichokuwa ameshakizika. Miaka yote ya ndoa yao hakuwahi kumtazama hivyo. Mahali padogo ndani yake, palipokuwa bado pake, Jaliah alijua kwamba angeweza kusema bismillahi, sasa hivi, ulimi ungali unamtii. Alijua vilevile kwamba akiisema, macho yale yatazimika.

Bogere akasogea mpaka kwenye mkeka, akamshika mkono.

"Endelea," akamsihi kwa kunong'ona. "Halafu ikawaje?"

Jaliah akambana vidole, akaendelea kusimulia.