Wachukuzi wa Chumvi

Desislava alikuwa anakata pilipili jikoni kwake, mjini Plovdiv. Mama mkwe wake, Bibi Radka, alifunua pipa la kabichi ya chachu, kisha akashika kiuno.

"Maji ya kabichi yameshuka tena. Desa, binti yako anakunywa kama ng'ombe."

"Mwache, mama. Anapenda chumvi."

"Huo ni ulafi."

Zornitsa, msichana wa miaka kumi na mitatu, alicheka mlangoni huku midomo bado imelowa. Alianza kupanda ngazi. Ghafla akaketi na kushika mguu. Msuli ulikuwa umekaza kama jiwe. Mama yake alimkanda mpaka maumivu yakapoa. Haikuwa mara ya kwanza. Siku hizi Zornitsa alichoka hata kabla ya mchana, na Desislava alikuwa ameanza kuogopa.

Jirani yao Kalina, mtafiti wa maabara ya chuo kikuu, alipopita kunywa kahawa, Desislava alimweleza yote.

"Anakojoa sana?" Kalina aliuliza.

"Sana."

"Mimi si daktari. Lakini huenda figo zake zinapoteza chumvi. Mpelekeni apimwe damu na mkojo. Msingoje."

"Figo zinapotezaje chumvi?" Bibi Radka aliuliza. "Zimetoboka?"

Kalina alicheka. "Hapana, bibi. Ndani ya figo kuna protini zinazofanya kazi kama wachukuzi. Chumvi ikielekea kwenye mkojo, wao huibeba na kuirudisha mwilini. Mtu akizaliwa na wachukuzi wenye kasoro, chumvi hupotea. Madini ya potasiamu na magnesiamu hupotea pia, na misuli hukaza. Ndiyo maana mwili unadai chumvi."

"Wewe umeyajuaje?"

"Wachukuzi hao ndio kazi yangu. Mwili wa binadamu una maelekezo ya kuwatengeneza. Yanaitwa jeni. Sisi tunayaweka ndani ya seli tunazozikuza maabara, nazo zinatutengenezea protini ileile. Tunaisafisha, kisha tunachunguza inavyobeba chumvi."

Uso wa Bibi Radka uling'aa. "Basi yamekwisha. Mtoto hana wachukuzi, wewe unao. Lete kichupa kimoja nimchanganyie kwenye mtindi."

"Tumbo litawasaga kama nyama, bibi."

"Basi apigwe sindano."

"Wala sindano. Mchukuzi hufanya kazi akiwa amekaa kwenye utando wa seli ya figo. Hawezi kufika huko kwa sindano. Tena chupa zetu zimeandikwa 'kwa utafiti tu'. Hazikuandaliwa kuingia mwilini mwa mtu. Zinaweza kumdhuru."

"Sasa zina faida gani?"

"Tukimwelewa mchukuzi, dawa bora zinaweza kubuniwa baadaye. Ila msaada wa Zornitsa upo leo, hospitalini."

Bibi Radka alimtazama mjukuu wake, aliyekuwa ameketi kando yao. "Na mimi nakuita mlafi," alisema taratibu.

"Ng'ombe pia, bibi," Zornitsa alimkumbusha.

Kesho yake walikwenda hospitali. Damu ilionyesha upungufu wa potasiamu na magnesiamu. Baadaye kipimo cha jeni kilithibitisha aliyoyahisi Kalina.

"Amezaliwa na kasoro hii. Hakuna aliyekosea," daktari alisema. "Atumie vidonge hivi kila siku na asinyimwe chumvi. Akitapika au kuharisha, mleteni haraka. Na damu yake tutaipima mara kwa mara."

"Na mimi niongeze chumvi?" Bibi Radka aliuliza.

"Wewe una presha, bibi. Wewe punguza. Ushauri huu ni wa Zornitsa peke yake."

Njia nzima ya kurudi Bibi Radka alinung'unika, lakini mkono wa mjukuu wake hakuuachia.

Vidonge vilikuwa vikubwa, na Zornitsa alikunja uso kila alipovimeza. Lakini hakuacha. Polepole nguvu zilirudi. Alianza kwenda shule kwa baiskeli.

Majira ya joto Kalina aliolewa. Zumari za zurna zilipolia, watu walishikana mikono wakacheza ngoma ya horo kuuzunguka uwanja mzima. Zornitsa alikuwa mbele, akipunga kitambaa na kuongoza mstari. Wimbo wa pili ulikwisha, wa tatu ukaanza. Bibi Radka aliishiwa pumzi, akatoka akicheka na kuketi.

"Mtoto huyu atatuua," alimwambia Desislava.

Desislava aliweka sinia la keki mezani, akavua viatu vyake virefu, akakimbia kuushika mkono wa binti yake.