Spika ya Inchi Kumi na Tano

Mama Anifa, anayekaa nyumba ya pili kutoka kwa kina Verediana, anasema Isihaka alimuuzia binti huyo spika mbovu kwa makusudi kabisa. Anasema kijana alimpenda Verediana pale pale alipomwona, akafikiri asipofanya ujanja hatamwona tena, maana Kasulu na Kibondo si pua na mdomo. Basi akampa spika iliyokwisha kuungua, ili mtoto wa watu airudishe dukani na yeye apate nafasi ya kumtongoza. Ukimuuliza mama Anifa alijuaje hayo, anakaza kitenge kiunoni na kukuangalia kwa huruma.

"Yewe! Fundi anakosaje kujua kitu alichokitengeneza kwa mikono yake?"

Hapo pa mwisho hakukosea. Isihaka alijua. Mengine aliyaongeza mwenyewe, yakatembea kutoka sokoni mpaka hospitali, na Kibondo nzima ikayapokea. Mtu mmoja tu angeweza kuyakanusha, naye ni Verediana. Akanyamaza.

Walikutana mwaka 2013, Kwaresima ikielekea mwisho, siku Kasulu ilipofurika watu wa maharage na ndizi. Verediana alikuwa mpigaji besi wa kwaya yao ya Kibondo. Alimaliza darasa la saba, shule ikaishia hapo, na besi alijifunza kwa kukaa pembeni na kutazama vidole vya wenzake mpaka vyake vikazoea. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge lenye ndege wa njano, na juu yake sweta la kijivu kwa sababu ya baridi ya asubuhi. Gitaa lake alilibeba mgongoni ndani ya mfuko alioushona mwenyewe. Alifuatana na Bazilio, mwenyekiti wa kwaya, mtu wa suti hata kwenye vumbi.

Waliingia duka la mzee Mansuri, ambapo redio tatu zilikuwa zikiimba kila moja lake. Kwenye kona, nyuma ya meza iliyojaa nyaya, alikaa kijana wa shati la bluu, mikono ameikunja, penseli sikioni, akipulizia moshi wa kuchomelea usimwingie machoni.

"Karibuni. Kaka anatafuta nini?" kijana akauliza, macho yake kwa Bazilio.

"Kaka hatafuti kitu," Verediana akajibu. "Kaka ni mwenyekiti. Mpigaji ni mimi."

Kijana akaacha kuchomelea. "Mpigaji wa nini, dada?"

"Wa mgongo wako, usipotusikiliza."

Duka zima likacheka. Kijana naye akacheka, akafuta kiti kwa leso yake. "Basi nisamehe kabla hujaanza kunipiga. Naitwa Isihaka. Kaa hapa."

Amplifaya za besi zilikuwa mbili. Moja kubwa, nyeusi, spika yake ya inchi kumi na tano, imefungwa wavu wa chuma kama dirisha la benki. Nyingine ndogo, spika ya inchi kumi, mtu mmoja anaibeba kwa mkono. Verediana akachomeka besi kwenye ile kubwa. Mzee Mansuri mwenyewe akashika kitufe cha sauti, akakizungusha kidogo tu.

"Zaidi ya hapo nitagombana na majirani," alisema.

Kwa kidogo hicho, sauti ilitoka chini ya sakafu ikapanda kwa miguu. Mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na mkungu wa ndizi kichwani alisimama mlangoni, akaanza kutikisa bega. Kisha wakajaribu ndogo. Ilikuwa safi, kila noti unaisikia, lakini haikuwa na kifua.

Verediana ni mtu wa kutazama. Aliona kwamba alipokuwa akipiga ile kubwa wanaume wote walitazama vidole vyake, ila Isihaka alitazama wavu wa spika tu, kichwa amekiinamisha kama daktari aliyeweka sikio kwenye kifua cha mgonjwa. Kwa hiyo akamuuliza yeye.

"Fundi, nichukue ipi?"

"Chukua ndogo. Inakutosha."

"Inanitosha mimi, au inamtosha mwanamke?"

Kicheko kikarudi, na mzee Mansuri alicheka kuwapita wote. "Fundi wangu anaogopa vitu vikubwa! Binti, hiyo imetoka Ulaya. Haijaguswa na mtu."

Isihaka akainamisha uso. Akazunguka meza kana kwamba anakwenda kuchomoa waya, na alipofika karibu na Verediana akamkanyaga mguu, kwa nguvu, mara mbili.

"Wewe! Unanikanyaga kwa nini? Ndivyo mnavyopokea wateja hapa?"

"Samahani, dada. Sikuona."

Kijijini Kitanga, walikotoka kina Verediana, mama yake alikuwa akimkanyaga hivyo hivyo mbele ya wageni, kumwambia acha, usichukue, rudisha mkono. Tangu utotoni aliijua lugha hiyo. Siku hiyo aliidhania utani wa vijana wa mjini, akanyoosha kidole kwenye kubwa. Bazilio akaitikia kwa kichwa.

Bazilio alipotoka kutafuta gari la mizigo, Isihaka alivuta droo, akatoa pedali za kubadilisha sauti ya gitaa, alizozipata kwa bendi ya Wakongo iliyovunjika.

"Hii inakwaruza sauti kama mtu mwenye mafua. Kwaya hamuihitaji. Hii nyingine inafanya besi moja isikike kama mbili zinaogelea pamoja. Tamu, lakini inachosha. Hii ya tatu ndiyo yako."

"Inafanya nini?"

"Inabana. Noti uliyoipiga kwa hasira na uliyoipiga kwa woga zinatoka sawa."

"Nani kakwambia nina hasira?"

"Mguu wangu."

Verediana akacheka bila kupenda. "Mguu wako ndio ulionikanyaga!"

"Chukua ukaijaribu, Vere. Ikikushinda nirudishie mwenyewe. Usimtume mtu."

Hakumbuki alimpa lini ruhusa ya kumwita Vere. Namba ya simu ilikuwa imeandikwa kwenye plasta chini ya pedali.

Jioni ya tatu alimbipu. Simu ikarudi kabla hajakaa vizuri.

"Haloo, mpigaji wa migongo."

"Haloo, mkanyagaji. Hii pedali yako ina vitufe vitatu, mimi nimekielewa kimoja."

"Kipi?"

"Cha kuzimia."

Basi ikawa hivyo kila jioni. Alikuwa akienda nyuma ya jiko, mahali baba yake, katekista, hasikii, akaegemea ukuta wenye joto la moto wa maharage, akasikiliza sauti ya Kasulu. Walizungumza juu ya pedali kidogo na juu ya mengine sana. Isihaka alimwambia mama yake ni mtu wa Ujiji na anapika samaki mpaka jirani anasahau kwenda kwake. Verediana alimwambia anaota kupiga besi mahali watu hawataulizana kwanza yule ni mwanamke. Alimwita fundi wangu, naye akamwita mamii. Kuhusu dini kila mmoja alimwachia mwenzake aanze, na hakuna aliyeanza.

Jambo moja Isihaka alilirudia kila simu.

"Hiyo kubwa usiifungulie kuvuka nusu. Umenisikia?"

"Kwa nini?"

"Basi tu. Nifanyie mimi."

"Nikufanyie wewe kama nani?"

"Kama mtu atakayekuja Kibondo wiki ya baada ya Pasaka. Nina kazi ndogo ya kufanya kwenye hiyo spika, nikimaliza utaifungulia mpaka Burundi waisikie."

"Sema kweli, Isihaka. Unaona mikono ya mwanamke haiwezi kitu kikubwa."

"Mamii, sijasema hivyo."

"Na hujasema vinginevyo."

Verediana alisikia pumzi yake tu, kisha salio likaisha.

Jumatatu ya Pasaka kwaya zote za Kibondo zilikusanyika uwanjani. Jenereta lilikuwa likinguruma nyuma ya jukwaa. Kwaya iliyowatangulia ilikuwa na mpigaji besi wa kiume, mnene, mwenye miwani myeusi, na alipomaliza alimpita Verediana akasema, "Haya dada, tubembeleze." Verediana akapanda. Alivaa sare ya kijani, kilemba kimekazwa. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, kitufe kikiwa chini ya nusu. Ubeti wa pili aliona yule wa miwani anapiga miayo. Akanyoosha mkono, akazungusha kitufe mpaka kilipogoma.

Kwa kiitikio kimoja uwanja ulitikisika, akina mama wakapiga vigelegele. Halafu spika ikakohoa. Ikakwaruza, ikatoa harufu ya nywele zinazoungua, moshi mwembamba ukapita kwenye wavu. Kwaya ikaendelea kuimba bila besi, ikayumba, ikanyamaza mmoja mmoja.

Kesho yake Bazilio alipakia amplifaya kwenye gari, na Verediana pembeni yake, wakarudi Kasulu. Mzee Mansuri aliifungua mbele yao. Hata asiye fundi aliona kwamba koili, ule mzunguko wa waya ndani ya spika, ilikuwa imesukwa upya kwa mkono, kwa waya mwembamba usio wake.

"Isihaka," mzee akasema taratibu, "hii ni kazi yako? Ulinificha?"

Isihaka alimtazama bosi wake muda mrefu. Kilichokuwa kati yao wawili, nani alimtuma nani, hakukitoa. Alisema tu, "Nilimwambia dada asiivushe nusu. Nilikuwa natafuta spika mpya niende kuibadilisha."

Bazilio akageuka. "Ni kweli, Vere? Alikwambia?"

Duka lilikuwa limejaa. Verediana aliona swali linalofuata likiwa limesimama nyuma ya hilo: alikwambia lini, kwa simu gani, mnazungumza nini wewe na huyu? Aliuona uso wa baba yake. Aliiona na Jumatatu, mkono wake mwenyewe juu ya kitufe.

"Hakuniambia kitu," akasema.

Isihaka hakupandisha sauti. Alitoa penseli sikioni, akaiweka mezani, akachukua sweta lake. Mzee Mansuri akairudishia kwaya fedha yake na kuapa kwamba waongo hawatakaa dukani kwake.

Usiku huo na siku zilizofuata simu haikuita. Alipobipu, namba haikupatikana.

Walipiga kwa spika ya kuazima mwaka huo na mwaka uliofuata. Verediana alichumbiwa na mwalimu mmoja wa kutoka Bukoba, mtu mpole, akamkataa bila sababu ambayo angeweza kumweleza mama yake. Hadithi ya mama Anifa ilipopita masikioni mwake alikuwa akiinuka na kwenda kuchochea moto.

Mwaka 2015 kambi ya wakimbizi ya Nduta ilifunguliwa tena, na Kibondo ikajaa magari ya mashirika na watu wa mikoani. Jumamosi moja ya mazoezi, Verediana alitoka nje ya kanisa na beseni kufuata maji. Mwanamume aliyevaa kizibao cha kung'aa alikuwa amesimama karibu na bomba, ameshika spika ya kutangazia. Ndevu zilikuwa zimemtoka. Verediana alimtambua kwa namna alivyoinamisha kichwa, akisikiliza besi ambayo yeye Verediana aliiacha ndani ikipigwa na mtu mwingine.

"Huyo anakosea noti ya tatu," Isihaka akasema.

"Ni mgeni. Namfundisha." Sauti ya Verediana ilitoka ndogo. "Umekuja lini?"

"Mwezi huu. Nafunga spika kambini, za kuwatangazia watu mgao. Siku moja moja nalala hapa mjini." Akaiweka spika chini. "Hujaolewa, nimesikia."

"Na wewe?"

"Mama alinitafutia mtu. Wazazi wa yule mtu wakauliza habari zangu Kasulu." Akatabasamu, lakini si lile tabasamu la kufuta kiti kwa leso. "Wakaambiwa fundi yule ni mwongo, huuza vitu vibovu ili apate wasichana. Maduka nayo yaliniambia hivyo hivyo. Nilikaa mwaka mzima nikitengeneza tochi."

"Isihaka, nisamehe."

"Nimekwisha kukusamehe, Vere. Nilikusamehe kabla sijafika stendi. Kosa nililianza mimi. Ningesema wazi siku ile, mbele ya mzee, badala ya kukukanyaga kama mtoto."

"Niliogopa."

"Najua. Hata mimi niliogopa, ndiyo maana sikusema."

Ndani mpigaji mgeni akakosea tena, na watu wakacheka. Verediana akafungua bomba, akashika beseni chini yake kwa mikono miwili. Alitaka kumwambia kwamba hajawahi kuzungumza na mtu mwingine nyuma ya lile jiko. Alitaka kumwambia mengi.

"Mimi bado nakutaka," Isihaka akasema, kwa upole, kama mtu anayetaja bei asiyotaka kubishana nayo. "Dini tutakaa tuitazame, baba yako ana haki ya kuniuliza. Lakini siwezi kuingia kwenu nikiwa yule wanayemsimulia. Wote wako humo ndani, na Bazilio yuko. Ingia sasa uwaambie kwamba nilikukataza kuivusha spika nusu. Neno hilo moja. Mimi nitasimama hapa mlangoni, nisikie. Ukishasema, kesho namtuma mjomba wangu kwa baba yako, na kama ni kunikataa anikatae kwa mdomo wake mwenyewe."

Maji yalijaa, yakaanza kumwagika juu ya viatu vyake. Hakufunga bomba.

"Vere!" Bazilio akaita kutoka ndani. "Tunakusubiri wewe! Unazungumza na nani huko?"

Isihaka hakugeuka kumtazama Bazilio. Alinyoosha mkono akafunga bomba, kisha akamtazama Verediana usoni.

"Utaingia useme?" akauliza.