Udongo wa Kumwonyesha Mgeni

Mama Pacha aliingiza kopo ndani ya pipa la mahindi. Kopo likagonga chini. Aliinamisha pipa, akakwangua, akapata nusu kopo na mavumbi.

"Mahindi yameisha," alisema.

"Yataishaje, na juzi tu tumevuna?" mumewe aliuliza. Alikuwa amekaa mlangoni, akipiga viatu rangi.

"Tulivuna magunia mawili. Midomo ni minne. Ulitaka yazaane humo ndani?"

Mumewe aliendelea kusugua kiatu. Watu walimwita Maridadi, na jina lilimkaa. Alikuwa mtu wa kupiga pasi hata shati la kwenda kupalilia. Mgeni akibisha hodi, kwanza Maridadi anaficha kiti kibovu, ndipo aseme karibu. Hakuwa mtu mbaya. Lakini kuchosha, jamani, alichosha!

Mama Pacha alitoka nyuma ya nyumba kutazama shamba. Zamani lilitoa magunia kumi. Sasa mahindi ya msimu mpya yalifika magotini, yakasimama hapo. Majani yalikuwa ya njano. Mvua ilinyesha vizuri. Palizi walipalilia. Mahindi yalikataa tu.

"Bwana Matofali amepita tena," Maridadi alisema nyuma yake. "Nimemwambia aje tukishavuna. Achimbe udongo, afyatue matofali yake. Shamba limekufa hili."

"Akishachimba, sisi tutabaki na nini?"

"Tutabaki na..."

"Na shimo! Utapanda nini kwenye shimo? Vyura?"

Alirudi ndani kwa hasira, akachukua karatasi iliyokuwa chini ya godoro. Ilitoka kituo cha utafiti wa ardhi. Kabla ya kupanda, wapimaji wa kituo walipita nyumba kwa nyumba. Walikuwa wanachunguza jinsi mvua za siku hizi zinavyobadilisha udongo. Waligawa mifuko midogo. Kila mwenye shamba alitakiwa kutia udongo wake na kuurudisha. Maridadi alijaza mfuko na kuupeleka mwenyewe. Majibu yakaja: "Udongo una rutuba nyingi. Hauhitaji mbolea wala chokaa."

Wakafurahi. Wakapanda bila kutia chochote. Na matokeo ndiyo hayo, njano tupu.

"Wataalamu gani hawa?" Mama Pacha alifoka. Alijifunga khanga, akashika njia.

Kituoni alimkuta mpima udongo, mwanamke mrefu mwenye buti zenye matope. Mama Pacha aliweka karatasi mezani.

"Dada, hii rutuba mliiona wapi? Njoo unionyeshe. Mimi nimetafuta nimechoka."

Mpima udongo alisoma karatasi. Hakukasirika. Alichukua jembe na kitabu chake, wakaenda pamoja.

Maridadi alipowaona, alivaa upesi viatu vyake vinavyong'aa. Mpima udongo aling'oa shina moja la mahindi, akalitikisa.

"Tazameni mizizi. Mifupi, minene, haijashuka. Udongo huu una asidi nyingi. Mizizi inaungua, haiwezi kula."

Kisha alichimba kidogo, akasugua udongo kiganjani. Alifungua kitabu chake, akasoma, akatazama tena kiganja.

"Huu sio udongo nilioupima," alisema. "Ule ulikuwa mweusi. Tena laini, hauna hata kokoto. Nilishangaa. Kama vile mtu ameuchekecha."

Ameuchekecha! Mama Pacha alisimama wima. Alikumbuka chekeche lake la unga. Siku moja alilikuta limejaa udongo mweusi. Aliwagombeza wanawe pacha mpaka wakalia. Waliapa si wao, akazidi kuwagombeza.

Aligeuka taratibu.

"Baba Pacha."

Maridadi alikuwa anatazama viatu vyake.

"Baba Pacha, ule udongo ulichota wapi?"

"Nyuma ya zizi," alijibu kwa sauti ndogo. "Pale tunapomwaga samadi."

"Na chekeche langu?"

"Ulikuwa na takataka. Nikausafisha kidogo."

"Kidogo! Umewachekechea wataalamu udongo kwa chekeche la chakula! Kwa nini? Hebu niambie, kwa nini?"

Maridadi naye alipandisha sauti. "Watu wanakuja na gari, wanaomba udongo wa shamba langu. Niwape ule mbovu? Uandikwe kwenye kompyuta, kila mtu ajue shamba la Maridadi ni bovu? Nilitaka tuonekane watu."

Mama Pacha alikaa chini, palepale kwenye mahindi. Alitaka kucheka, akashindwa. Alitaka kulia, hasira zikamzuia. Msimu mzima umepotea! Watoto wataendelea kulala na uji mwepesi, kwa sababu baba yao aliuonea aibu udongo!

"Bwana," mpima udongo alisema, "ukiumwa jino, unaenda kwa daktari kumwonyesha lile zima?"

"Hapana."

"Basi. Mimi natafuta jino bovu. Ukinificha, nitakupa dawa ya mtu mwingine."

Alivua koti lake. "Leteni ndoo ya plastiki, safi na kavu. Isiwe iliyobeba mbolea wala majivu."

Maridadi alikimbia kuleta. Mpima udongo akawaonyesha.

"Pita shamba lote kama mlevi anayerudi nyumbani. Huku, kule, huku tena. Simama mahali kumi na tano. Ondoa majani ya juu. Chimba shubiri moja kwenda chini, chota kidogo, tia kwenye ndoo. Usichote zizini, njiani, chini ya mti, wala palipochomwa takataka. Huko hakusemi ukweli wa shamba."

"Na pale kwenye mahindi mabaya kabisa?" Maridadi aliuliza.

"Hapo usiparuke! Hapo ndipo pananiita."

Walichanganya udongo wote ndani ya ndoo. Wakatia konzi mbili kwenye mfuko, baada ya kuuanika kivulini. Maridadi alipoona kokoto, mkono wake ulinyooka kuitoa.

"Acha!" wanawake wawili walisema pamoja.

Majibu mapya yalikuja. Udongo ulikuwa umechoka na una asidi kali. Mpima udongo alirudi kuwaeleza.

"Mvua za siku hizi zinashuka nyingi kwa mara moja. Zinaosha chakula cha mimea na kukipeleka chini. Na ninyi kila mwaka mnatia mbolea aina moja. Mabua mnayachoma, hamrudishi kitu. Kwa hiyo mtatia chokaa ya kilimo, sio ya kupaka ukuta, ili ipunguze asidi. Kiasi ni hiki kilichoandikwa. Ifukieni mapema, wiki kadhaa kabla ya kupanda. Funikeni pua na macho mnapoimwaga. Samadi itieni baadaye, sio siku moja na chokaa. Na mabua yalazeni shambani."

"Tukizidisha chokaa, si itafanya kazi haraka?" Maridadi aliuliza. "Shamba litapendeza, jeupe."

"Mungu wangu!" Mama Pacha alishika kichwa. "Dada, umemsikia? Umemsikia huyu?"

"Ukizidisha, unaharibu upande wa pili," mpima udongo alisema. "Kiasi ni hiki tu."

Sasa ilibaki kazi ya kumzuia Bwana Matofali. Mama Pacha alimburuta mumewe mpaka kwenye tanuri lake. Waliomba msimu mmoja. Bwana Matofali alikubali kwa shingo upande. "Msimu mmoja tu," alisema. "Nikirudi, narudi na majembe."

Baada ya mavuno yale haba, walifanya kila kitu kama karatasi ilivyosema, wakapanda upya. Chokaa aliipima Mama Pacha mwenyewe. Hakumwachia mtu.

Mahindi yalivuka magoti. Yalivuka kiuno. Majani yakawa ya kijani, mapana. Walivuna magunia saba. Si kumi, lakini pipa lilijaa na mengine yakawekwa juu ya dari. Bwana Matofali alipofika na majembe, Maridadi alimpokea njiani.

"Hapa hapachimbwi," alisema. "Hapa panalimwa."

Msimu uliofuata kituo kiligawa mifuko tena. Watu walikusanyika kurudisha udongo wao. Fundi baiskeli, jirani yao, aliweka mfuko wake mezani kwa madaha. Udongo ulikuwa mweusi, laini, unapendeza.

Maridadi aliutazama. Aliutazama tena. Kisha akasimama mbele ya watu wote, na shati lake la pasi.

"Jirani, huu umechota nyuma ya zizi."

"Umejuaje?" fundi baiskeli aliuliza, akicheka kidogo.

"Kwa sababu na mimi nilichota hapohapo. Nikauchekecha kabisa. Niliona aibu." Aliwageukia watu. "Aibu yangu ilikula mahindi ya watoto wangu msimu mzima. Nusura imeze na shamba."

Mama Pacha alikuwa amebeba maneno hayo kifuani tangu mwaka jana, akingoja siku ya kumrushia. Sasa mwenyewe ameyasema.

Fundi baiskeli aliangalia mfuko wake mzuri. Aliuchukua, akatoka nao nje, akaumwaga.

"Haya," alisema aliporudi. "Nani ana ndoo kavu?"