Mlio wa Gari la Mwalimu

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa magari, na mtaani walimwita Sikio. Hakupenda kufungua kifaa kabla ya kukisikiliza. Alichukua bisibisi yake ndefu, akagusisha ncha kwenye kifaa huku injini ikinguruma, akabana mpini kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la kulia, akafumba macho. Kisha alisema: beringi ya alteneta, au pampu ya usukani. Ukifungua, unakuta hivyo hivyo. Majirani walitaniana kwamba anayetaka kumsema Sikio apande basi kwanza, afike mbali.

Nayaandika haya kwa kuwa mama huyasimulia kwa kuyapunguza na ndugu wengine kwa kuyaongeza. Mimi nilikuwepo Jumanne, na Ijumaa pia.

Jumanne hiyo, saa tisa alasiri, nilimpelekea nguo alizofuliwa na mama, pamoja na ujumbe uleule wa miezi minane: funga nyumba, njoo tukae wote. Gereji yake ilikuwa uani, ukuta mmoja na chumba alimofia mkewe. Siku mke huyo alipofariki, mjomba alikuwa akipima injini ya lori. Jirani alimsikia mgonjwa akiita mara tatu. Maneno hakuyashika, ila alisikia kwamba anaita. Alipozunguka hadi getini na kumpungia mjomba azime lori, mgonjwa alikuwa amekwisha kukata roho. Tangu hapo mjomba alikula akiwa amesimama, na chumbani mle hakulala tena.

"Shikamoo, mjomba. Mama anauliza unakuja lini."

"Marahaba. Mwambie nikimaliza kazi."

"Kazi yako haina mwisho."

"Ndiyo maana naipenda."

Hapo akaingia mwalimu wa shule ya jirani na gari lake dogo la kijivu. Alizima, akashuka, akasimama mbali nalo kidogo.

"Linalia, fundi. Kama mlango wenye kutu unaofunguliwa taratibu. Ila usinicheke. Linalia nikiwa peke yangu. Akipanda mtu, linanyamaza."

"Gari halihesabu abiria, mwalimu."

"Hili linahesabu."

Aliacha ufunguo juu ya boneti akaondoka kwa miguu.

Mjomba aliwasha. Injini ilikuwa shwari. Alinieleza, kama alivyopenda kueleza, kwamba mlio wa namna hiyo hutoka kwenye mkanda au kwenye vitu vinavyozungushwa na mkanda, na kazi ni kuvitoa kimoja kimoja kwenye orodha ya washukiwa. Tulisubiri. Mlio haukuja.

"Hebu toka nje ya geti," akasema, akicheka. "Tumpe mwalimu haki yake."

Nilitoka. Nilipofunga geti, gari likalia.

Nilirudi. Likanyamaza. Mjomba hakuwa akicheka tena, lakini hakuogopa. Alikuwa na uso wa mtu aliyepewa hesabu ngumu. Alinitoa mara ya pili, akamwagia mkanda maji. Mkanda wenye kosa hubadilisha sauti ukilowa. Huu haukubadilika. Alizima, akautoa mkanda wote, akaniita tuzungushe puli, vile vigurudumu vinavyopitiwa na mkanda, kwa mkono: ya alteneta inayochaji betri, ya pampu ya usukani, ya pampu ya maji. Zote zilizunguka laini, bila kukwaruza.

"Sasa nitawasha bila mkanda," akasema. "Dakika moja tu, maana pampu ya maji haizunguki na injini itachemka. Mlio ukiisha, kosa ni la mmoja wa hawa. Ukibaki, kosa liko ndani ya injini. Nenda."

Nilisimama nje ya geti nikihesabu. Injini iliwaka. Mlio ulikuwepo. Nilifika sitini, akazima.

Mlio ulikuwepo bado.

Nilichungulia kwenye tundu la geti. Injini ilikuwa imelala. Mkanda ulikuwa chini, sakafuni. Mjomba alikuwa ameinama, ncha ya bisibisi kwenye alteneta, mpini nyuma ya sikio. Fundi hasikilizi kitu kisichozunguka. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha hivyo.

Mlio ukapungua. Ukawa mwembamba. Ukawa karibu na pumzi.

"Naam?" mjomba akanong'ona.

Pumzi ile ikaendelea.

"Naam. Nipo. Sikusikia siku ile. Sema sasa."

Nilisukuma geti. Likagonga ukuta. Sauti ikakatika, na mjomba akageuka akanitazama kwa hasira ambayo sijaiona kwake kabla wala baada.

"Nani amekuita?"

"Mjomba, twende nyumbani. Mama anasubiri."

"Kwenu mko wangapi?"

"Sita."

"Basi siwezi kuja," akasema polepole. "Kwa watu sita hataongea. Bado hajamaliza. Nenda, mwanangu. Nakuomba."

Nilikwenda. Kwa hilo nimejilaumu miaka yote.

Mama alipopata habari alikwenda Jumatano, na geti lilikuwa limefungwa kwa ndani. Alhamisi vilevile. Majirani walisema wanasikia mlango unafunguliwa, unafunguliwa, na haufiki mwisho. Ijumaa asubuhi tulikuta geti wazi.

Mjomba alikuwa ameketi juu ya ndoo, ameoga, amevaa shati alilopigiwa pasi na mama. Mkanda ulikuwa umerudi mahali pake, boneti imefungwa. Tulimsalimu. Hakujibu. Mama akapiga makofi nyuma ya kichwa chake. Hakupepesa macho.

Kisha akatuona, akatabasamu.

"Nimemaliza," akasema kwa sauti kubwa mno. "Twendeni."

Hivyo ndivyo alivyokuja kuishi nasi. Aliishi miaka sita na hakusikia tena kitu chochote. Daktari aliyachunguza masikio yote mawili akasema hayana kasoro. Gari la mwalimu halikulia tena. Siku moja nilimwandikia mjomba kwenye karatasi: Alisema nini? Alisoma. Akatazama nyuma yangu, juu kidogo ya bega. Akaweka kidole mdomoni.

Nyumbani kwetu alitaka mtu awepo chumbani alipolala. Kila usiku. Tulipokezana.

Jumamosi ya kwanza mama alimnyoa nywele, akaniita. Kuzunguka sikio la kulia kulikuwa na alama za vidole vitano, nyeusi kama mafuta machafu ya injini, zimepangwa jinsi mtu anavyokinga mkono ili kumnong'oneza mwenzake. Mama alisugua kwa sabuni, akasugua kwa mafuta ya taa. Hazikufifia. Hazikufifia hadi tunamzika.

"Wifi yangu," mama alisema siku hiyo, chini chini. "Maskini, aliagana naye."

Akaweka vidole vyake juu ya zile alama, taratibu, kimoja baada ya kingine. Akaviondoa haraka.

Mke wa mjomba alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa. Pete yake ya ndoa, ambayo mama anaitunza, huzunguka ovyo kwenye kidole gumba cha mama. Alama zile hazikufika nusu ya vidole vya mama. Na katika nyumba ile hapakuwahi kuzaliwa mtoto.