Wakaaji Wawili

Nikisema nimechoka hamsikii. Kila mkijikusanya hapa, "Bibi, tuambie ya Kijiti na kile chumba," kana kwamba ni kisa cha sungura na fisi. Haya. Nitasema mara moja tu, na atakayekuja baadaye kunigongea eti anaogopa kwenda chooni peke yake, nitamtandika.

Binti huyo walimwita Kijiti kwa umbo lake, lakini kichwa kilikuwa chepesi. Alipata nafasi ya chuo nchi ya watu, akaenda. Kufika, mabweni yamejaa. Wakamwambia, lete mkataba wa nyumba kabla ya Ijumaa, la sivyo kibali cha kukaa hakitoki, na njia ya kurudi kwenu unaijua. Akazunguka wiki nzima. Huku hawataki wageni, kule wanataka mdhamini mwenye kazi palepale mjini. Mdhamini angemtoa wapi, mfukoni?

Alhamisi akampata mjane mmoja mwenye nyumba ya ghorofa, mikono laini kama mkate ulioloa. Huyo hakuuliza mdhamini. Aliuliza neno moja.

"Una ndugu huku, mwanangu?"

"Sina, mama."

"Pole," akasema, akatabasamu.

Mtu anayekupa pole huku anatabasamu, mkimbie. Lakini maji yalikuwa yamemfika binti shingoni. Mkataba ulikuwa ukurasa mmoja, saini ya mwenye nyumba ikiwa imeshawekwa. Idadi ya wakaaji: wawili.

"Mama, mbona mimi niko peke yangu?"

"Aa, mkono uliteleza. Wewe weka saini, tutarekebisha."

Msomi wetu akaweka.

Siku ya pili alirudi kutoka darasani saa kumi, akakuta taulo lake limelowa, na lina joto bado. Siku ya nne kitanda kilikuwa kimelaliwa upande wa ukutani, upande ambao yeye halali, na mto una shimo la kichwa. Chumba kikanuka maziwa yaliyoungua, na humo haijawahi kuchemshwa hata chai. Akajiambia ni uchovu. Watu waliosoma wana dawa hiyo ya kila kitu.

Jumapili akampigia mama yake.

"Umepiga tena?" mama akacheka. "Jana si tumeongea mpaka sikio likaniuma?"

"Mama, jana sikupiga."

"Acha mzaha wako. Ukaniimbia na ule wimbo niliokuwa nakulazia. Nililia, mwanangu."

Kijiti hakuwahi kumwimbia mtu wimbo ule. Akakata simu.

Jumatatu aliacha kipindi katikati. Mchana kweupe, jua limejaa kwenye ngazi, akapanda kwa ncha za vidole, na kabla hajafika mlangoni akasikia mtu anacheka ndani, kicheko chake mwenyewe, kile cha kuvuta pumzi mwishoni, akasukuma mlango akaona blanketi limeinuka upande wa ukutani kama lililokunjiwa magoti na chini yake hapana mtu, na sauti yake inatoka pale kwenye mto wa kulalia ikisema nimeshiba mama, nalala vizuri mama, usijisumbue kuja, na alipoitoa simu yake mfukoni akakuta inawaka, jina la mama yake juu, dakika zinahesabu, arobaini na moja, arobaini na mbili, akafungua kinywa apige kelele mama si mimi huyo, na kooni hakukutoka hata pumzi.

Blanketi likageuka likamtazama. Msiniulize blanketi linatazamaje. Lilimtazama.

Simu ilipokatika sauti ikamrudia, lakini nusu, imekwaruzika. Kila siku ikarudi pungufu. Alijua hesabu hiyo inaishia wapi: mama yake atabaki na binti mwingine, na yeye hatakuwa na la kusema.

Mfagizi wa chuo ndiye aliyemkuta analia chooni. Mama mtu mzima, naye mgeni wa nchi ile, mwenye ndoo na ulimi mkali. Akasikiliza yote ameegemea fagio.

"Kwenye mkataba uliandikiwa watu wangapi?" akanong'ona.

"Wawili."

"Na ukatia saini?"

"Alisema mkono uliteleza."

"Umesoma mpaka macho yamekuwa mekundu, na karatasi ya chumba hukuisoma! Jini haingii bila karibu, mwanangu. Wewe umemkaribisha kwa wino. Nyanyuka, twende."

Mwenye nyumba aliwafungulia, akaona ile karatasi mkononi mwa mfagizi, uso ukamshuka.

"Lifute hilo neno kwa mkono wako," mfagizi akamwambia.

"Sifuti. Alikuwa kwangu chini miaka sita. Mnajua miaka sita ya kukaa bubu, sauti ananirudishia siku ya kutafuta mpangaji tu? Mwacheni akae na huyu, bado kijana, ana sauti nyingi."

"Hata haya huna, dada yangu."

"Haya nilikuwa nayo. Aliila."

Mfagizi akamgeukia Kijiti. "Basi futa jina lako wewe. Ukatae kukaa. Waliosaini ni wawili, wewe na yeye. Ukitoka, anabaki mmoja na mgeni wake."

"Na kibali changu?"

"Kwangu kuna godoro, na mlango wangu una namba kama milango mingine, utaiandikisha hiyo. Futa!"

Kijiti akafuta, kwa nguvu mpaka karatasi ikachanika. Juu ghorofani kitanda kikalia. Kisha ngazi, moja moja, miguu mitupu, haina haraka. Harufu ya maziwa ikawapita begani. Mwenye nyumba akapiga magoti, akashika gauni la binti, akafungua kinywa kuomba, na hakikusikika kitu.

Kijiti alipiga simu kwao jioni ile ile kutoka kwa mfagizi, anaongea na kulia.

"Mbona umepoa hivyo?" mama yake akauliza. "Wiki iliyopita ulikuwa mchangamfu." Mpaka leo huuliza.

Mjane yule ana mtoto mmoja, wa kiume, yuko mbali, na hupiga simu kila Jumapili. Mama hukaa kwenye kiti chake akisikia sauti yake mwenyewe chumba cha pili inamwuliza mwanawe habari za wajukuu. Siku moja aligonga ukuta kwa viganja mpaka vikatoka damu.

"Mama, nani anagonga hapo?" mwanawe akauliza kwenye simu.

"Mpangaji," ikajibu. "Usimjali, baba. Hana ndugu huku."