Mtu wa Nne wa Mtaa wa Chini

Mkwe wangu anapiga pasi kwa dobi. Shati likifika mezani kwake limekunjamana kama uso wangu, linaondoka limenyooka kama uso wa msichana. Nimemwomba mara nyingi anipitishie pasi na mimi. Anakataa.

Mumewe ni mwanangu, fundi viatu. Kibanda chake kiko mbele ya nyumba yetu, na dirisha la chumba changu linatazama kibandani. Kwa hiyo habari za mtaa zinanifikia kabla hazijapoa.

Siku moja asubuhi alikuja kinyozi. Baridi ilikuwa inaondoka, na miti ya kando ya barabara ilikuwa imeanza kuchipua. Mwaka mzima huyu kinyozi hukata nywele taratibu. Miti ikichipua hukata haraka, maana kichwani mwake kuna mbio tu.

"Shikamoo, mchumba," aliniambia dirishani.

"Marahaba. Mahari yangu umeleta?"

"Nimeleta habari! Mbio za mitaa zimetangazwa. Miezi miwili kutoka sasa. Kilomita tano!"

Sisi ni mtaa wa chini. Kuna mtaa wa juu, na kuna mitaa mingine. Kila mtaa hutoa watu wanne. Muda wa timu ni muda wa mtu wa nne akifika. Akikosekana huyo wa nne, timu nzima haihesabiwi. Mwaka juzi mtu wetu wa nne alipotea njia. Mwaka jana mtu wetu wa nne alikaa chini, akaagiza soda.

"Mwaka huu tuko watatu," kinyozi alisema. "Mimi, dereva wa lori la taka, na muuguzi wa zahanati. Tunamtafuta wa nne."

"Mimi," alisema mkwe wangu.

Alikuwa mlangoni, amebeba mkoba wa kazini. Sote tuligeuka. Mwanangu aliacha nyundo hewani.

"Wewe?" mumewe aliuliza. "Umekimbia lini?"

"Sijakimbia. Shuleni walinipa kazi ya kulinda viatu vya wanaokimbia. Sijawahi kuwekwa kwenye timu ya kitu chochote. Nataka kuwa kwenye hii."

"Ndiyo maana ukaolewa na fundi viatu," nikamwambia. "Kulinda viatu umezoea."

Alicheka, lakini macho yake hayakucheka. Niliona kwamba jambo hili analitaka kweli. Kinyozi hakusubiri. Siku hiyohiyo alipeleka majina manne kwa waandaaji wa mbio.

"Majina yakishapokelewa hayabadilishwi," alisema. "Dada, wewe ndiye wetu."

Habari ilifika mtaa wa juu kabla ya chakula cha mchana. Huko kuna mama mmoja anauza vyombo. Ana miguu mirefu, na ulimi mrefu kuliko miguu. Jioni alipita mbele ya kibanda makusudi.

"Nasikia mtaa wa chini mna timu," alisema. "Nilidhani nyinyi hukimbia tu mvua ikianza, na nguo ziko kambani!"

"Tutaonana barabarani," mkwe wangu alimjibu.

"Mimi utaniona mgongo, shoga."

Basi nyumba yetu ikawaka moto wa mbio. Mkwe wangu aliamka alfajiri, akakimbia. Aliporudi kutoka kazini alikimbia tena. Alikimbia kila siku, na kila mara kwa nguvu zote, kama aliyeiba kuku. Alirudi amepinda, mkono kiunoni, hawezi hata kuitikia salamu.

"Vizuri sana, mke wangu!" mumewe alimpigia makofi. "Kaza!"

Mwanangu naye alitaka kusaidia. Mke wake alikuwa na raba za zamani alizopewa na dada yake. Mwanangu alizibonyeza soli, akasikitika.

"Laini kama mkate," alisema. "Hizi zitaisha kesho. Mke wa fundi hawezi kuvaa aibu hii."

Akang'oa soli zote mbili. Akakata tairi la gari. Akalibandika kwa gundi, akalishona kwa uzi mnene. Kisha akapunguza raba kwa mbele, zishike mguu sawasawa. Mwanangu ana msemo wake: kiatu kinacholegea ni fundi aliyelegea.

"Hizi zitadumu mpaka uzeeke," alimwambia mkewe.

Raba zilikuwa nzito kama matofali. Mkwe wangu alizivaa kwa furaha. Ni zawadi ya mumewe, angesemaje?

Baada ya wiki chache alianza kuchechemea. Akashuka ngazi kwa kushika ukuta. Niliona anapiga pasi nyumbani huku amesimama mguu mmoja kama korongo.

"Binti yangu, una nini?" nikamwuliza.

"Sina kitu, Mama."

"Hebu vua soksi."

"Mama, tafadhali."

"Nimesema vua. Mimi nimekuwa na miguu kabla yako."

Alivua. Kucha mbili za vidole vya miguu zilikuwa nyeusi. Nilipogusa mfupa wa mbele wa mguu, chini ya goti, aliruka.

"Usimwambie mtu," alininong'oneza. "Nikitoka, timu haihesabiwi tena. Watasema ni mimi. Afadhali niumie."

Akaanza kulia, machozi yakadondokea shati la mtu. Mimi siri naiweza. Naiweka vizuri sana, mpaka nimpate wa kumwambia. Nilikwenda moja kwa moja zahanati kumwita muuguzi.

Muuguzi alikuja jioni ile. Anaongea polepole, na hana haraka hata akiwa na haraka. Alimkalisha mkwe wangu kwenye kiti. Akaupapasa mfupa kwa kidole gumba, kutoka juu hadi chini.

"Inauma sehemu moja tu, au eneo lote?"

"Eneo lote la hapa."

"Ukikaa, ukilala, inauma?"

"Hapana. Nikikimbia tu, na nikishuka ngazi."

"Hapo tuna bahati. Ingeuma nukta moja tu, au ingekuuma hata umelala, ningekupeleka kwa daktari leo hii. Hapo huenda mfupa ungekuwa na ufa. Hii yako ni mguu uliochoka. Unakimbia mara ngapi kwa wiki?"

"Kila siku. Mara mbili."

"Na unapumzika lini?"

Mkwe wangu aliona haya. "Sipumziki. Nataka kupata nguvu."

"Dada yangu, nguvu haziji ukikimbia," muuguzi alisema. "Ukikimbia unauchosha mwili. Ukipumzika, mwili unajijenga, unakuwa imara kuliko jana. Wewe unabomoa tu. Unajenga lini?"

Muuguzi aliinua raba moja. Akajaribu kuikunja. Haikukunjika. Aliigonga mezani, ikalia ko! ko! ko!

"Hii imetengenezwa na nani?"

Mimi nikatazama dari. Mwanangu alikohoa.

"Ni kazi nzuri," muuguzi alisema. "Ingefaa kubebea mizigo. Lakini mkimbiaji anatua chini kwa uzito mkubwa, mara nyingi sana. Soli laini inapokea kile kishindo. Tairi halipokei. Linakirudisha mguuni. Na hapa mbele umebana. Mguu ukikimbia huvimba kidogo, vidole vinasogea mbele. Acha nafasi ya upana wa kidole gumba. Ndiyo maana kucha zimekuwa nyeusi."

Mwanangu aliichukua ile raba, akaigeuzageuza. Masikini, alikuwa amemwumiza mkewe kwa mapenzi na gundi bora.

"Basi nimeharibu," alisema.

"Hujaharibu," mkewe alimwambia. "Ulitaka zidumu."

"Sasa nimetoka kwenye timu?" mkwe wangu alimwuliza muuguzi. Sauti ilikuwa ndogo.

"Hujatoka. Lakini ukiendelea hivi, utatoka mwenyewe. Ukinisikiliza, tuna muda."

Na sisi tulisikiliza. Nitawaambia alichosema, maana kinawafaa na nyinyi.

Kwanza, asikimbie kabisa mpaka ashuke ngazi bila maumivu. Kutembea anaweza, maadamu hapaumi. Akianza tena, atembee kidogo, akimbie kidogo, atembee tena. Akimbie siku moja, siku ya pili apumzike. Kila wiki aongeze kidogo tu, kama mtu anayetia chumvi: ikizidi huwezi kuitoa. Anywe maji akisikia kiu. Maumivu yakirudi, asimame. Asiyafiche.

"Na mwendo je?" mkwe wangu aliuliza. "Nitajuaje nakwenda mbio sana?"

"Ongea. Ukikimbia huku unaweza kusema maneno mengi bila kukatika pumzi, huo ndio mwendo wa mazoezi. Ukishindwa kuongea, punguza."

Nilirukia mazungumzo. "Kumbe ni mwendo wa umbea! Mbona hamkuniita mapema?"

"Bibi, njoo na wewe," muuguzi alisema. "Jumamosi uwanjani tuna kundi la wanaotembea tu. Kila umri unakaribishwa."

Keshoye mwanangu alimpeleka mkewe dukani kununua raba. Mwenye duka bado anasimulia. Mwanangu alikunja kila raba, akainusa gundi, akavuta uzi kwa meno. Alimlazimisha mkewe aende jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kusimama kutwa. Alipima nafasi ya mbele kwa kidole chake gumba mwenyewe.

"Hii ni laini kama mkate," alisema mwishowe, na safari hii alitabasamu. "Tunaichukua."

Mguu ulipopona, tukaanza kwenda uwanjani. Mimi nilitembea pembeni na wazee wenzangu. Timu ilipopita karibu yangu, kazi yangu ilikuwa kuwauliza maswali.

"Haya, kinyozi! Kwa nini hujaoa?"

"Kwa sababu... mchumba wangu... ni wewe..."

"Umekatika mara tatu! Punguza!"

Wa kwanza kujibu bila kukatika alikuwa mkwe wangu. Nilimwuliza mchuzi wa jana ulikosa nini. Alinieleza kasoro zote za mchuzi wangu tangu aolewe, mzunguko mzima, bila kupumua vibaya. Nilijuta kuuliza, lakini nilifurahi.

Siku ya mbio ilifika. Jamani, watu! Barabara ilijaa kelele, filimbi na watoto mabegani. Njia ilikuwa mizunguko miwili ya mitaa yetu, kupitia darajani. Mimi nilipewa kiti kwenye kona, hatua chache kabla ya mstari wa mwisho. Mwanangu alisimama nyuma yangu. Alikuwa amenishika bega, ananifinya bila kujua.

Filimbi ikalia. Kundi likatoka kama maji yaliyovunja bomba. Kila mtu alitaka kuwa mbele. Mkwe wangu aliachwa nyuma mara moja.

"Anaachwa!" mwanangu alipiga kelele. "Mama, anaachwa!"

"Nyamaza. Kutangulia si kufika."

Nilisema hivyo kwa nje. Ndani moyo ulikuwa unakimbia kuliko wao.

Mzunguko wa kwanza, mwuza vyombo wa mtaa wa juu alipita kwenye kona yetu mapema. Naye alikuwa mtu wa nne wa timu yao. Aligeuza shingo nyuma akamwona mkwe wangu mbali.

"Shoga! Unakimbia, au unatafuta kitu ulichoangusha?"

Watu wa mtaa wa juu wakaangua kicheko. Mkwe wangu alipita mbele yetu na mwendo wake uleule. Nilitazama miguu yake. Hakuchechemea.

Mzunguko wa pili ulikuwa na sura nyingine. Waliotoka kama maji sasa walikuwa wanatiririka kama uji. Kinyozi alifika, kisha dereva wa lori, kisha muuguzi. Watatu wetu walikuwa wamevuka mstari. Hawakukaa. Walirudi mpaka kwenye kona yetu, wakasimama, wanatazama barabara. Walifika wakimbiaji wa mitaa mingine, mmoja mmoja. Mtu wa nne hakuonekana.

"Yuko wapi?" mwanangu aliuliza.

"Yule pale!" muuguzi alisema.

Mbele alikuwa mwuza vyombo. Alikuwa anatembea, mikono kiunoni, mdomo wazi. Nyuma yake alikuja mkwe wangu, hatua ndogondogo, mabega yamelegea. Alimfikia mbele ya macho yetu.

"Shoga," alisema, bila kukatika hata neno moja, "nilikuwa natafuta pumzi yako, nimeiona pale darajani ulipoiacha."

Mwuza vyombo alifungua mdomo kujibu. Hakikutoka kitu. Akanyoosha mkono tu, akamsukuma mgongoni, kama kusema nenda, umenishinda.

Hapo mkwe wangu akaongeza mwendo. Mtaa wa chini wote ulikuwa unapiga kelele. Kinyozi alikimbia kando yake akiruka. Mwanangu aliniacha kitini, akaivuka kamba ya kuzuia watazamaji, akaambiwa arudi, akakataa. Na mkwe wangu akavuka mstari.

Timu ilihesabiwa! Kati ya mitaa kumi na miwili tulikuwa wa saba. Tuliimba mpaka wa kwanza wakaja kutuuliza tumeshinda nini.

Asubuhi iliyofuata mlango uligongwa mapema. Nilifungua. Walikuwepo wanawake sita wa mtaa wetu, wengine wamevaa raba, mmoja amevaa viatu vya harusini. Mbele yao, hebu fikirini, alisimama mwuza vyombo wa mtaa wa juu.

"Tunamtaka mkweo," alisema. "Atufundishe. Tuko tayari sasa hivi."

Niligeuka nimwite. Mlango wa chumba chake ulikuwa umefungwa. Sauti ilitoka ndani, nzito kwa usingizi.

"Leo nimelala. Na nyinyi mkalale. Njooni keshokutwa, tutaanza kwa kutembea."