Gari Lililopewa Chumba

Sogeeni karibu, wazazi wenzangu, na nyinyi mnaojiandaa kuitwa wazazi. Habari niliyo nayo ni ya nyumba moja tu. Mkiona inafanana na ya kwenu, msininunie mimi.

Siku za mapumziko, asubuhi, nyumba ya mchonga funguo ilikuwa na raha yake. Mama wa nyumba, ambaye wiki nzima alikuwa akifua mashuka ya hospitali, alikaa kizingitini amenyoosha miguu, hafui chochote. Binti yao wa pekee, aliyekuwa ndiyo kwanza amemaliza shule, alipiga pasi huku akimwigiza mwalimu mkuu anavyoimba kupitia puani, mpaka mama yake anashika mbavu kwa kucheka. Na uani baba alikuwa akiosha gari.

Tena si gari hivi hivi. Lilikuwa gari la spoti, jekundu, la milango miwili, limelala chini kiasi kwamba kuingia ndani ilibidi mtu ajikunje kwanza. Alilipata ujanani, alipokuwa akifanya kazi gereji. Mwenye gereji alifilisika, hakuwa na mafao ya kumpa, akampa gari. Mtaa ukambandika jina la Milango Miwili, naye akalipokea kama cheo. Ukweli ni kwamba gari lenyewe lilikuwa limeshazeeka. Rangi ya boneti ilikuwa imepauka, kiti cha abiria kimechanika, na injini ilikuwa haiwaki bila kubembelezwa na kusukumwa. Lakini Milango Miwili alilizungumzia kama mtu. "Huyu hapendi vumbi," alikuwa akisema. "Huyu leo ana mafua."

Tusimcheke sana. Kutwa nzima alikuwa ameinamia tupa, akichonga funguo za milango ya watu wengine. Akikaa nyuma ya usukani ule, watu waligeuka kumtazama, naye akajiona mtu mbele za watu. Nani kati yetu hapendi kutazamwa?

Asubuhi hiyo akaja mwalimu wa darasa wa binti, amevaa viatu vya kutembelea, uso wote furaha.

"Mzee, hongera. Binti yako amepata nafasi chuo cha uuguzi. Kilichobaki ni ada tu."

Binti akaiacha pasi juu ya nguo mpaka ikaanza kunuka. Mama akamshukuru mwalimu, akamsindikiza hadi barabarani, kisha akarudi uani na kusimama karibu na gari.

"Mzee," alimwambia mumewe, "tuliuze."

"Tuliuze nini?" Milango Miwili alijifanya hamnazo.

"Unajua ninachosema. Hatuna kingine."

Akaendelea kusugua kioo ambacho kilikuwa kimeshatakata. "Nipe muda nifikirie."

Basi akafikiria. Akafikiria akiwa kazini, akafikiria akiwa mezani, na kila binti alipomuuliza alijibu kwamba bado anafikiria. Alifikiria mpaka wenzake binti wakaanza masomo, na nafasi yake akapewa mwingine. Siku hiyo binti alikunja nguo alizokuwa amezitenga kwa ajili ya chuo, akazirudisha kabatini moja moja. Hakulia mbele ya baba yake. Alilia kwa mama yake jikoni.

Muda si mrefu akatokea mfanyabiashara wa mbao. Alikuja kibandani kuchongesha ufunguo wa kufuli, akaliona gari limeegeshwa pembeni, akachuchumaa na kulipapasa.

"Mzee, magari haya hayatengenezwi tena," alisema. "Na mtu anayeweza kulitunza hivi si wa kawaida."

Huo ndio unaoitwa kuvikwa kilemba cha ukoka, na Milango Miwili alikivaa kikamkaa vizuri. Yule mtu akawa anapita kila mara kumsalimia gari, na katika kupita huko akamwona binti. Haukupita muda akaja na wazee wake kuposa.

Nisikilizeni hapa. Siku ya posa, Milango Miwili alimchukua mchumba hadi uani, akafungua boneti, na mchana kutwa wakazungumza habari za kabureta, plagi na spea zisizopatikana. Hakumuuliza anaishi na nani. Hakumuuliza yule mke wa kwanza aliondoka kwa nini, wala hakujua kwamba aliwahi kuwapo mke wa kwanza, ingawa kila mpasuaji mbao kule kwenye mbao zake alikuwa akijua kisa chote. Swali moja tu lingetosha.

"Tumuulizie kwanza," mama alisihi.

"Tumuulizie nini? Mtu anayejua kuthamini kitu kilichotunzwa hawezi kumtesa mtu."

Binti naye akajaribu. "Baba, mimi nilitaka kusoma."

"Utasoma ukiwa kwako, mwanangu. Huyu ni muungwana, nimemsoma mimi."

Akaolewa. Mvua za kwanza zilipoanza, baba aliona kutu chini ya mlango wa gari, akakosa usingizi. Akabomoa ukuta wa nje wa chumba cha binti, akaweka mlango mpana wa mabati, akalisukuma gari ndani. Kitanda cha binti kilifunguliwa mbao zake zikaegemezwa jikoni.

"Akija kututembelea atalala wapi?" mama aliuliza.

"Ana kwake," baba akajibu.

Akaja kweli, mchana mmoja wa jua kali, wakati mama yuko kazini. Alikuwa na begi moja na blauzi ya mikono mirefu. Alimsalimia baba yake, akapita moja kwa moja hadi chumbani kwake, akafungua mlango na kukutana na taa za gari. Akasimama pale pale. Kisha akageuka.

"Baba, nimerudi."

"Karibu, mwanangu. Mumeo yuko wapi?"

"Sikuja naye. Nimerudi kabisa."

Akavuta mkono wa blauzi juu. Asije mtu akawaambia kwamba Milango Miwili hakuona. Aliona alama za kipigo, zikamuuma. Lakini papo hapo, nyuma ya uchungu ule, likamjia wazo jingine: binti akibaki atataka chumba chake, gari litarudi mvuani, na mkewe ataanza upya habari za kuuza. Wazo lile alilionea aibu hata yeye mwenyewe, akalifunika haraka kwa maneno ya busara.

"Mwanangu, ndoa ina mitihani yake. Rudi, nitamwita mumeo tuzungumze."

"Utamwita lini, baba?"

"Wiki hii hii."

"Basi nilale hata sebuleni, mpaka umwite."

"Mama yako akikuona hivi presha itampanda. Jikaze kidogo."

Binti hakubishana. Alishusha mkono wa blauzi, akafunga kifungo. Baba akamsindikiza hadi kituo cha basi na kumpa nauli. Hata kumpeleka kwa gari hakumpeleka, kwa sababu barabara ya kule ilikuwa na mashimo.

Na mkwe hakumwita. Kila wiki alisema wiki ijayo, mpaka miezi ikapita. Wala hakumwambia mkewe kwamba binti alikuja, akajidanganya kwamba anamwepusha na presha.

Mama alikuja kujua mwenyewe, tena kazini kwake. Alikuwa akisukuma toroli la mashuka safi katika wodi ya wazazi, akafika kitanda cha mwisho, akamkuta mwanawe amelala na kichanga kifuani, taya limevimba. Wauguzi waliambiwa ameteleza bafuni. Mama akaliacha toroli, akamwinamia.

"Kwa nini hukuja nyumbani, mwanangu?"

"Nilikuja, mama. Baba hakukwambia?"

Mama alimaliza kutandika vitanda vilivyobaki, maana wagonjwa hawana kosa. Kisha akarudi nyumbani akiwa bado na sare ya kazi, akamkuta mumewe anapuliza plagi.

"Gari litoke chumbani kwa mwanangu," alisema. Hakuongeza jingine, na tangu hapo hakumsemesha.

Ukimya ule ulimwelemea. Milango Miwili akatangaza kwamba anauza, na mtu wa kwanza kuja alikuwa mpiga picha za harusi, aliyetaka gari la maharusi kupigia picha. Aliingia kwa adabu, akalizunguka, akalipenda. Mwenye gari akavuta kiti.

"Kaa kwanza, kijana. Utalilaza wapi?"

"Nina banda, mzee."

"Banda lina paa zima? Mvua ikinyesha usiku, utaamka kuliangalia?"

"Nitaamka."

"Kwako unakaa na nani? Isije ikawa kila anayepita analigusa. Wewe una hasira? Maana mtu mwenye hasira atampiga gia huyu mpaka amuumize."

"Sina hasira, mzee."

"Ulishawahi kuwa na gari jingine? Liliishia wapi? Niambie ukweli. Nitaulizia kwa majirani zako kabla sijakukabidhi. Na siku likikushinda, usilitupe. Nirudishie mimi, hata saa ngapi, nitalipokea."

Mama alikuwa jikoni, akifuta vumbi mbao za kitanda. Alisikia kila swali. Akatoka na kitambaa mkononi, akasimama mlangoni, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya mtu aliyechoka tu.

"Maswali yote haya ulikuwa nayo," alimwambia mumewe. "Siku aliyokuja yule kumchukua mwanangu, uliyaweka wapi?"

Mpiga picha akatazama chini, akajiona kama aliyeingia msibani bila kujua. Sasa ndipo Milango Miwili alipojisikia mwenyewe. Akamwona binti yake amesimama na begi moja, anaomba sebule. Akaanza kulia kama mtoto, makamasi yanamtoka, mbele ya mgeni. Mkewe hakwenda kumbembeleza.

Gari aliliachia bila kubishana, akapanda basi kwenda kumchukua binti yake, ambaye mumewe alishamtoa hospitali na kumrudisha kwake. Baba alikuwa hajawahi kufika huko. Ilibidi aulize njia, yeye mzazi.

Alimkuta binti anafagia, mtoto mgongoni. Yule mwigizaji wa mwalimu mkuu alikuwa amekonda, na anazungumza kwa sauti ya chini huku macho yakiwa getini.

"Shikamoo, baba. Mama hajambo?"

"Marahaba. Hajambo, mwanangu."

"Na gari hajambo?"

"Nimeliuza."

Binti akaacha kufagia. "Pole, baba," alisema, na alisema kwa moyo kabisa. "Najua ulivyolipenda."

Afadhali angemtukana. Baba akasogea karibu. "Nimekuja kukuchukua. Chukua mtoto, tuondoke. Chumba chako kipo, mama yako ametandika."

"Siku ile ningeweza kuondoka, baba. Nilikuwa peke yangu. Sasa ameshaniambia nikitoka, mtoto anabaki, na ananitafuta popote nitakapokuwa."

"Tutakwenda polisi. Tutakwenda ustawi wa jamii. Mimi nitasimama nawe."

"Halafu nikitoka huko nirudi wapi?"

"Nyumbani."

Binti alimtazama bila hasira. "Siku ile pia nilijua nina nyumbani," alisema. Akamgeuza mtoto mgongoni, akakaza kanga. "Nenda, baba. Karibu anarudi, na akikukuta hapa nitaulizwa mimi."

"Mwanangu, nisamehe."

"Nimekusamehe. Nenda tu."

Akaondoka. Alikuwa ameenda kuchukua mtu, akarudi na viganja vitupu, akilia ndani ya basi bila kuficha uso. Mama tangu siku hiyo hajatulia. Ameshakwenda ustawi wa jamii mara kadhaa, na kila akipata nafasi anafika kwa binti, anabisha hodi. Siku nyingine anafunguliwa, siku nyingine anamsikia mjukuu akilia ndani na mlango haufunguliwi. Ukuta wa chumba umejengwa upya. Milango Miwili analala sebuleni karibu na mlango, kwa hiari yake, ili binti akija asihangaike kugonga. Hadi ninapowasimulia, hajaja.

FUNZO

Wazazi, kupenda kitu si kosa. Penda gari, penda nyumba, penda ng'ombe wako ukitaka. Kosa ni pale kitu kinapopata ulinzi ambao mwanao ameukosa. Milango Miwili hakuwa mtu mkatili. Alijua kutunza na alijua kuuliza, ila alivimalizia vyote kwenye mabati na injini.

Anayekuja kumchukua mwanao, mchunguze. Uliza kwa majirani, uliza kazini kwake, usione haya. Mtoto akipata nafasi ya kusoma, usifikirie mpaka nafasi ipite. Na mtoto wako akirudi nyumbani ameumizwa, usimpe nauli ya kurudi alikotoka. Mwite mama yake, mtafutie msaada wa sheria siku hiyo hiyo, mpe mahali pa kulala hata kama ni sakafuni. Wengi hurudi mara moja tu kujaribu mlango wa kwao. Wakiukuta umefungwa, hawarudi tena, hata ukiuacha wazi maisha yako yote.